Mpima Vyura wa Mikelenge

Kwa miaka mingi niliishi ukuta kwa ukuta na mtu aliyepima vyura. Hakuwa akiwala, hakuwa akiwauza, wala hakuwa mganga. Aliwakamata kwenye bwawa la Mikelenge, akawapima urefu, akaandika kwenye kaye, yaani daftari lake, akawarudisha majini, na baada ya siku chache akarudi kuwatafuta wale wale. Mtaa mzima ulimwita Profesa, kwa sababu alifundisha biolojia sekondari. Akiwa hayupo tulimwita majina mengine, ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa mengi niliyatunga mimi.

Namwandika kwa sababu mtu huyu alimwokoa mwanangu wa pekee mikononi mwa wenye bunduki, na alimwokoa kwa ndoo yenye vyura wawili. Aliyeumia badala ya mwanangu ni yeye. Na miaka yote hii kulikuwa na swali moja ambalo sikuthubutu kumwuliza: yale aliyoyasema siku ile juu ya wale vyura, yalikuwa kweli?

Tulifahamiana kwa ugomvi. Mimi ni mshonaji, na metre yangu ya kitambaa haikai mbali na shingo yangu. Siku moja alikuja kuiazima. Nikadhani anataka kupima pazia la dirisha, nikampa. Alikaa nayo siku tatu. Siku ya nne nilikuwa nampima bibi harusi kifuani, mama yake amesimama pembeni, yule binti akakunja pua.

“Mama Saidi, hii metre yako inanuka matope.”

Niliwaacha pale pale nikaenda kwa jirani.

“Profesa, ulipima nini na metre yangu?”

“Vyura, mama. Lakini niliosha.”

“Ulipima vyura na metre ya kupima bibi harusi?”

“Mama Saidi, chura iko safi kupita bibi harusi. Yeye iko mu maji usiku na mchana.”

Nilirudi nyumbani, nikawasha moto. Metre ile niliichemsha.

Kazi yake alinieleza bila kuombwa, mlangoni kwangu, kama walimu wanavyofanya wakisahau kwamba kengele imelia. Watu, alisema, wakiona chura mnene wanadhani ni mzee, wakiona mdogo wanadhani ni mtoto. Lakini chura hukua kwa kile anachokula na maji anayoyapata. Kwenye dimbwi zuri hunenepa haraka; kwenye dimbwi baya anaweza kuzeeka na kijimwili chake kile kile. Ukitaka umri, uliza mfupa. Yeye alikata ncha ya kidole kimoja cha mguu, akaitazama kwenye hadubini ya shule, na mle ndani aliona pete, moja juu ya nyingine, kama kwenye gogo lililokatwa. Kila kiangazi huacha pete yake, kwa sababu wakati ule chura hakui. Na kile kidole kilichokatwa kilikuwa pia alama ya kumtambua chura huyo akikamatwa tena. Kwa hiyo karibu kila chura wa bwawa letu alitembea na sahihi ya Profesa mguuni.

“Jicho njo shahidi wa kununuliwa,” alipenda kusema (“njo” kwetu ni “ndio”). “Uliza mufupa.”

Mimi nilimwambia kwamba jicho langu halijanunuliwa na mtu. Nikimwona mtu anapita barabarani najua kiuno chake, bega lake na umri wake.

“Kiuno unajua,” akanijibu. “Umri haujue.”

Nilimnunia wiki mbili.

Huyu mtu aliyehubiri kwamba mwili hausemi kitu alikuwa mfupi, tena mfupi haswa, na jambo hilo lilimuuma kila siku ya maisha yake. Darasani alisimama juu ya tofali. Kichwani alivaa kofia ndefu ya majani, hata ndani ya nyumba. Suruali zake nilizikata kwa kielelezo cha watoto wa shule, kwa sababu ndicho kilichomtosha, na siku alipokiona mezani kwangu hakulala mpaka nimechora kielelezo kingine, cha vipimo vile vile, nikaandika juu yake kwamba ni cha mtu mzima.

Vyura wake hakuwapa majina. Jina, alisema, linaharibu kipimo; utaanza kumpenda na utampima vibaya. Aliwapa namba. Lakini pikipiki ilipomkanyaga mmoja wao karibu na soko, hakula siku ile. Alimwambia mkewe ana malaria. Mkewe, mwanamke mpole aliyeishi na ndoo tatu za maji ya bwawa chumbani, alikuja kuniomba kidonge huku anacheka.

Na ukweli! Wengine wana kwikwi, yeye alikuwa na ukweli; ulimtoka popote, hata alipotaka kuuzuia. Kwenye kilio kimoja watoto wa marehemu walisema baba yao ametimiza miaka mia. Profesa akasimama katikati ya waombolezaji na kueleza kwamba haiwezekani, kwa kuwa yeye alisoma darasa moja na dada mkubwa wa marehemu. Walimtoa nje na kiti chake. Kipimo cha chura hakukiongeza wala kukipunguza hata unywele. Siku hizo niliamini kwamba Profesa angeweza kunyongwa lakini asingeweza kudanganya, na nilimwonea huruma, maana mji wetu haukuwa mahali pa mtu kama huyo.

Kisha vita vikaja. Sitasema kundi gani lilishika njia gani. Walibadilishana, na sisi tulibadilisha tu namna ya kusalimia. Hadubini ya shule ilichukuliwa wiki ya kwanza. Mwenye bunduki mmoja alichungulia ndani yake, akaona kope za macho yake mwenyewe, akawaambia wenzake kuwa mle ndani kuna msitu. Wakaipakia kwenye gari kama silaha. Tangu hapo Profesa hakuweza tena kusoma mifupa. Alibaki na vidole vilivyokatwa, kaye yake, na kumbukumbu.

Shida yetu kubwa ilikuwa njaa. Mashamba yalikuwa nje, na kwenye njia ya mashamba kulikuwa na bariyeri, kizuizi cha Komanda mmoja. Huyo Komanda alihitaji wanaume wa kubeba mizigo na wa kubeba bunduki, na hakutaka mabishano juu ya umri wa mtu. Akafunga bambu juu ya nguzo mbili. Anayepita chini yake bila kuinama ni mtoto, aende shamba. Ambaye kichwa chake kinagusa ni mwanaume, abaki.

Sijawahi kuona mji ukitembea vile. Wanaume walijifunza kukunja magoti ndani ya suruali pana na kutembea wanyoofu juu ya miguu iliyokunjwa. Seremala mmoja mrefu wa mtaa wetu alitembea kwa magoti kabisa, amevaa kanzu ya kufunika miguu, na wiki ile nilitia viraka vya magoti vingi kuliko mwaka mzima. Profesa yeye alipita wima, na kofia yake juu. Kofia ikagusa bambu. Wakabishana kama kofia ni kichwa, wakaamua si kichwa, wakamwandika mtoto na kumpa hindi la kuchoma kama walivyowapa watoto wengine. Alikasirika sana. Alitaka waandike kwamba amefundisha sekondari tangu wao hawajazaliwa. Mwishowe alilila lile hindi, lakini kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa.

Mwanangu Saidi alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwaka ule alirefuka ghafla, suruali moja niliiongeza mara tatu, mpaka nikaishiwa kitambaa cha rangi ile na kumalizia kwa rangi nyingine. Nilimficha nyumbani. Lakini mihogo haijichimbi, na mgongo wangu ulikuwa umenikataa. Asubuhi moja nikaenda naye. Nilimfundisha kukunja magoti njia nzima. Tulipofika bariyeri akaogopa, na mtoto akiogopa hunyooka. Paji lake likagonga bambu, na kila mtu kwenye mstari akasikia.

Komanda alikuwa ameketi kwenye kiti, amevaa miwani myeusi na koti la kijeshi lililomzidi, mikono imekunjwa mara nne. Nikasema moyoni: koti la wizi. Sauti yake ilikwaruza, nikasema: bangi.

“Huyu njo mwanaume,” akasema. “Abaki.”

“Komanda, ni mutoto! Iko na miaka kumi na tatu!”

“Mama, bambu haisemaka uongo.”

Nilianguka chini nikashika kiatu chake. Mmoja wao akanisukuma kwa kitako cha bunduki. Saidi hakulia, aliniangalia tu, na hilo ndilo lililonimaliza. Wakati huo nikaona kofia ya majani inapita pembeni yangu. Profesa alikuwa nyuma yetu kwenye mstari, na ndoo yake.

“Komanda, niruhusu swali moja tu. Mu hii ndoo kuko vyura mbili. Gani njo muzee?”

Wenye bunduki wakacheka. Komanda hakucheka. Aliinama akachungulia. Mmoja alikuwa mnono, amejaza nusu ya ndoo. Mwingine alikuwa kama kidole gumba.

“Hii ya kunenepa.”

“Hapana.” Profesa akamtoa yule mnono, amemshika miguu ndani ya kiganja. “Hii iko mutoto, haijafika hata miaka mbili. Ilikula muzuri tu.” Akamrudisha, akamtoa mdogo na kumweka juu ya kaye. “Hii ndogo njo nyanya yake. Angalia muguu: kidole ilikatika. Nilikata mimi, vita haijaanza. Mwili hausemake miaka, Komanda. Ile kijana pale iko sawa na hii nono. Ni mutoto wa kukula muzuri.”

Mwanangu hakuwa amekula vizuri tangu mwaka uliopita, lakini sikuona haja ya kumsahihisha.

Komanda alimtazama yule chura mdogo kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kana kwamba hataki askari wake wasikie:

“Kweli? Kadogo njo muzee?”

“Njo muzee.”

“Na vyura ingine inamuheshimu?”

Hapo nilimwona Profesa anameza mate. “Inamuheshimu sana.”

Komanda akasimama. Ndipo nilipoona kwamba akisimama hafiki begani kwa askari wake hata mmoja. Akageuka akawatazama mmoja mmoja. “Mumesikia?” Akacheka peke yake, akapiga kofi kwenye bambu. Kisha akatoa amri mpya, naye hakuwa anafanya mzaha: kuanzia saa ile, warefu ni watoto, waende zao. Wafupi ndio wazee, wabaki.

Wakamsukuma Saidi akaniangukia mikononi. Nyuma yetu yule seremala alikuwa tayari yuko chini ya bambu kwa magoti yake; wakamkamata kama mzee. Akainuka haraka, akanyooka, akaenda kugonga bambu kwa kichwa mara tatu, kwa makusudi, ili kila mtu aone. Wakamwachia. Na mtu mzima mfupi kuliko wote kwenye mstari ule alikuwa Profesa.

“Komanda, pole,” akasema wakiwa tayari wamemshika, “lakini hiyo haifuate. Chura ni chura. Hauwezi kutoa sheria mu ndoo.”

Wakamtwika gunia la chumvi. Alikuwa bado anafafanua kosa lilipo. Alipopita karibu yangu alinipa ndoo. Nilidhani ataniambia neno la mkewe.

“Mama Saidi,” akasema, “usiwachanganye.”

Wakaondoka kuelekea Lokandu, msururu wa wanaume wafupi na mizigo yao, na mpaka leo nikikumbuka picha ile nacheka, kisha naona haya.

Mchana ule mkewe alikuja akaketi mlangoni kwangu. Saidi alikuwa anakula sombe, majani ya mihogo. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, na ningekubali. Alimtazama mwanangu anavyokula, kisha akasema, “Akule tu.” Akaenda zake.

Miezi ile niliwalisha vyura. Mimi, niliyeichemsha metre yangu, nilipiga magoti chini ya cherehani nikikamata mende. Niliwaweka kwenye ndoo mbili. Yule mdogo nilimlisha kwanza, kwa kuwa ni mzee. Nilimwita Muzee, nilimkataza Saidi kupiga kelele karibu naye, na maji yake niliyabadilisha kabla ya yale ya yule mnono. Majirani walisema vita vimenipanda kichwani. Niliwajibu kwamba mtu akimfia mwanao, au akikaribia kufa, utalisha hata mamba wake.

Profesa alirudi mvua zilipokwisha. Hakuwa na kofia. Bega moja lilikuwa na kidonda cha gunia, na mwili wote ulikuwa mifupa. Nilitoka mbio kumpokea.

“Vyura ya Lokandu,” akasema, “iko na miguu mirefu kupita yetu.”

Hilo ndilo pekee aliloleta kutoka kule. Akaomba ndoo, akawapima wote wawili, akaniambia kwamba yule mdogo namlisha kupita kiasi. Kila nilipojaribu kumshukuru alianza kuzungumza juu ya madimbwi. Nilimpelekea sahani za wali, akala, akaniambia wali una chumvi nyingi. Lakini jambo moja lilibadilika: ule ukweli wake wa kwikwi ulipungua. Kwenye vilio alikaa kimya. Mtu akisema babu yake alikufa na miaka mia na ishirini, Profesa aliitikia kwa kichwa.

Mkewe alipofariki, binti yao alimpeleka Profesa kwake Alunguli, ng'ambo ya mto. Kati yetu ukawa mto, na mto una visingizio vingi. Kiangazi kilichopita nilisikia anaumwa, nikapanda pirogi, mtumbwi wa kuvushia, kwenda kumwona. Saidi wangu sasa ni fundi wa kujenga, ana watoto wanne, na mpaka leo huinama akipita kila mlango, hata mrefu. Nilijisemea: mwanamke, ukikawia tena utaliuliza kaburi.

Nilimkuta ameketi kivulini, anamenya karanga. Macho yalikuwa yamekwisha, masikio bado. Tuliongea juu ya magoti yangu, juu ya bei ya nauli ya pirogi, juu ya wajukuu. Kisha nikasema:

“Profesa, ile siku ya bariyeri. Ile chura kadogo, ilikuwa muzee kweli?”

Aliendelea kumenya.

“Hapana,” akasema. “Ile nono njo ilikuwa muzee. Ilikuwa na vidole mbili vya kukatika, nikavifunika na mukono. Ile kadogo, ile kidole ilikatwa na samaki ao sijui na nini. Ilikuwa mutoto kabisa. Nilisema uongo, mama.”

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Miezi yote ile nilimpisha mtoto na kumtanguliza mbele ya bibi yake! Nilicheka na machozi yakatoka, na sehemu ya machozi hayo haikuwa ya kicheko. Yeye hakucheka.

“Ni uongo wa shetani, hauhesabiwe,” nikamwambia. “Ulimudanganya shetani.”

“Ile haikuwa shetani. Ulimuangalia, mama?”

“Nilimuangalia.”

“Uliangalia koti.”

Akaweka chini ungo wa karanga.

“Kule njiani, kila siku ya Mungu, kila Jumapili asubuhi, alikuja kwangu bila miwani. Anasimama, mugongo kwa muti. ‘Profesa, nipime.’ Nakata alama na kisu juu ya kichwa. Kama tunahama, napima na kamba, nafunga fundo. Siku ya Mungu ingine anarudia: ‘Nimerefuka?’”

“Na wewe ulisema nini?”

“Nilisema kweli. Alikuwa anarefuka. Ile sauti yake ilikuwa inavunjika, mama, haikuwa bangi. Miaka kumi na ine, kumi na tano kama ni mingi. Kwangu sekondari angekaa benchi moja na Saidi wako.”

Pirogi zilikuwa zinaita abiria. Nilimwuliza yule kijana alifikia wapi.

“Fundo tano,” akasema. “Ya sita, hapana.”

Nilitaka kujua zaidi, kisha sikutaka. Nilimshika mkono tukakaa hivyo mpaka binti yake alipoleta chai.

Sasa niseme nililonalo. Kwa zaidi ya miaka ishirini, kila Ijumaa baada ya swala, nilimwomba Mungu afupishe siku za yule Komanda. Sikuruka Ijumaa hata moja. Nilimwomba kwa bidii kuliko nilivyomwombea marehemu mume wangu. Na kumbe nilikuwa naomba juu ya mtoto aliyekwisha kufa kabla Profesa hajarudi nyumbani, mtoto ambaye mama yake, kama alikuwa hai, alikuwa anamtafuta wakati mimi nimemkumbatia wangu.

Ijumaa iliyofuata nilikaa kwenye mkeka na sikujua nianzie wapi. Maombi ya miaka ishirini huwezi kuyafumua kama mshono. Jina lake silijui. Nikasema tu: yule mtoto, huko aliko, arefuke.